Protini Iliyopauka Mikononi mwa Wilbard

Wilbard alikuwa anaiharibu protini yangu. Hilo sikuwa na shaka nalo, na mtu yeyote aliyejaribu kuniambia vinginevyo nilimhesabu kuwa naye yumo. Mara ya kwanza iliingia mikononi mwake ikiwa salama, ikatoka imepauka. Mara ya pili, hivyo hivyo. Jamani, mbuzi akiingia shambani mara mbili, na mara mbili mahindi yakaliwa, utamtafuta nani mwingine?

Mimi naitwa Flavia, wa Bukoba, nasomea shahada ya uzamivu hapa Guangzhou. Ndugu zangu wakiniuliza nasoma nini, nikiwajibu chuma na salfa, hudhani najifunza kuchomelea mageti. Nimeshachoka kueleza, lakini nitaeleza tena, maana bila hivyo ugomvi wangu na Wilbard hautaeleweka.

Ndani ya jani lolote, la mchicha au la mgomba, kuna protini ambazo haziwezi kazi mpaka zibebe kipande kidogo sana cha chuma na salfa vilivyofungwa pamoja. Bila kipande hicho jani halitumii mwanga wa jua wala halipumui sawasawa. Sasa kipande hicho hakiokotwi udongoni. Seli inakiunda yenyewe, na ina karakana tatu za kazi hiyo: moja kwenye kloroplasti, kule kwenye ukijani, nyingine kwenye mitokondria, kule kunakozalishwa nguvu, na ya tatu nje ya hizo mbili, kwenye uji wa seli. Salfa inanyofolewa mahali pake, chuma kinaletwa, vinaunganishwa juu ya protini moja iliyo kama benchi la fundi, halafu protini nyingine inapokea na kumpelekea mwenye haja. Mkono kwa mkono. Chuma hakiruhusiwi kuzurura peke yake, kwa sababu kikizurura kinaleta balaa ndani ya seli. Na ile karakana ya tatu inategemea kitu fulani kinachotumwa kutoka mitokondria, na mpaka leo wataalamu wanabishana ni kitu gani hasa. Ndiyo maana nilipenda kazi hii tangu mwanzo. Seli haimwamini mtu, kama mimi.

Protini yangu ni mmoja wa hao wapokeaji wa kwenye kloroplasti. Nilitaka kuonyesha kwamba inakibeba kweli kile kipande. Ukiitengeneza ikiwa tupu inakuwa kama maji. Ikishabeba, inageuka rangi ya chai kavu, na ukiiona hivyo unajua kazi imekubali. Adui yake ni oksijeni. Hewa hii tunayovuta mimi na wewe ikiigusa, kipande kinavunjika, chai inarudi kuwa maji.

Kwa hiyo kazi yote inafanyika ndani ya boksi la glavu. Ni boksi kubwa la plastiki angavu lililojazwa nitrojeni, lina glavu nene zimeshonewa ukutani, mtu anaingiza mikono kutoka nje na kufanya kazi ndani. Pembeni kuna kichumba kidogo chenye milango miwili. Unaweka vitu kwa mlango wa nje, pampu inanyonya hewa yote, inajaza nitrojeni, inarudia, ndipo aliye kwenye glavu anafungua mlango wa ndani na kuvichukua.

Profesa wetu, ambaye wanafunzi wote tunamwita laoban kama wafanyabiashara wanavyowaita wenye maduka, aliamua kwamba mikono ya kwenye glavu itakuwa ya Wilbard tu. Mimi nilishaangusha chupa humo ndani, nikaangusha nyingine, akasema inatosha. Basi kazi ikagawanywa. Mimi nipo chini kwenye chumba cha baridi, natengeneza protini tupu na kupanga kwenye trei vichupa vya maji ya kuimiminia. Hafidha anaibeba trei, anapanda nayo na kuiweka kwenye kichumba. Wilbard anapokea.

Hafidha ni Mzanzibari, binti wa Kikwajuni, ndiyo kwanza ameanza uzamili wake wa mbegu. Hajui protini, lakini laoban alimwazima kwetu kwa sababu ni mpole na havunji kitu. Kweli, sijaona binadamu mwenye adabu kama yule. Akinunua dagaa kwenye maduka ya mtaa wa Yide Lu, ananigawia kabla hajaonja. Wawili wakigombana, yeye ndiye anayekosa usingizi.

Wilbard ni mtu wa Sumbawanga. Mrefu, maneno machache, anacheka kwa pua. Ile mara ya kwanza protini ilipotoka imepauka, nilipandwa na hasira, nikamwambia mbele ya watu wote, "Kumbe ni kweli. Huko kwenu mnajua kugeuza vitu bila kuvigusa."

Watu wakacheka. Kwetu utani wa Sumbawanga na uchawi ni wa kila siku, hata wenyewe wanautania. Lakini yeye hakucheka hata kwa pua. Alivua koti lake, akalitundika, akatoka. Tangu siku hiyo hakunisemesha, na mimi nikaona sawa, asiponisemesha nami simsemeshi, mimi si mtoto wa kubembeleza mtu. Ikawa tukiwa na neno tunampa Hafidha alipeleke.

"Wilbard anasemaje?" nilikuwa namuuliza akishuka na trei tupu.

"Anakusalimia, dada Flavia. Anasema mambo yanakwenda vizuri."

Yanakwenda vizuri, halafu kesho yake napewa maji. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Baada ya mara ya pili, laoban aliniita ofisini. Si mtu wa kupaza sauti. Alinimiminia chai, akasubiri ninywe, akasema, "Tunajaribu mara moja zaidi. Ikipauka, naifunga kazi hii. Utaandika ulichonacho, nitakuombea uzamili, utarudi nyumbani." Miaka yote hii, nirudi Bukoba na cheti ambacho nilikuwa nacho kabla sijapanda ndege? Mama yangu ameshawatangazia parokia nzima kwamba mwanawe anarudi daktari.

Nikaanza kumchunguza Wilbard. Mtu ukishamshuku, hata kukohoa kwake ni ushahidi. Nilimwona akiinua kichupa changu kwenye mwanga, anatikisa kichwa, anacheka kwa pua. Nilimwona akimnong'oneza Hafidha kitu kwenye korido, na waliponiona wakaacha. Siku moja nilipanda ghafla, nikamkuta anapiga picha vichupa vyangu kwa simu kupitia ile plastiki. Picha za nini? Za kumpelekea nani? Nilirudi chini mbio. Nikajiambia, huyu anataka kazi yangu ifungwe, kisha aiombe yeye kwa jina jingine.

Jumapili baada ya misa nilikwenda Xintang, kwenye viwanda vya jinzi, kwa shangazi yangu Albina. Yeye ananunua jinzi za kupeleka Mwanza, na mimi humsaidia kutafsiri viwandani. Siku hiyo alikuwa ameketi juu ya marobota, anavuta suruali moja baada ya nyingine na kunusa rangi. Nikamweleza yote.

"Wa wapi huyo?" akauliza.

"Sumbawanga."

"Na bado unauliza?" Akaitupa suruali. "Wewe mtoto umesoma mpaka umepitiliza. Hapa watu wanakuonyesha sampuli ya kitambaa kizito, kontena likifika unakuta kitambaa cha kuchujia tui. Ukimwuliza laoban wa kiwanda, anakwambia meiyou, hakuna kitu kama hicho. Unajua wanaopona ni akina nani? Waliowahi kusema. Kikulacho ki nguoni mwako, Flavia. Mseme kabla hajakusema."

"Sina ushahidi, shangazi."

"Rangi imepotea mikononi mwa nani?"

Nilirudi na treni huku maneno yake yananichoma, na kadiri yalivyonichoma ndivyo nilivyoyaona ya kweli.

Asubuhi ya jaribio la tatu, kabla sijavaa koti, nilimwandikia laoban ujumbe kwenye simu. Nilisema ninaamini Wilbard anaiharibu protini yangu makusudi, nimemwona akipiga picha kazi yangu kwa siri, na leo nitamshika. Nikausoma, nikaona ni mkali. Nikautuma hivyo hivyo.

Mtego wangu ulikuwa mwepesi. Nilipanga trei kama kawaida: vichupa vya maji vimekaa wazi, vifuniko vyake pembeni, kwa sababu lazima pampu iinyonye hewa iliyomo ndani ya maji yenyewe. Vifuniko huvalishwa huko ndani, baadaye. Nikampa Hafidha, nikamwambia shangazi ananiita Xintang, sitakuwepo. Alipoondoka nikapanda kwa ngazi za nyuma, nikajibanza kwenye chumba cha mimea, katikati ya rafu za miche. Chumba hicho kina kioo kinachotazama boksi la glavu.

Wilbard alikuwa ameshaingiza mikono. Anapanga vitu ndani, taratibu, kila kimoja mahali pake. Nikasema moyoni, endelea, baba, endelea, leo ndiyo leo.

Hafidha akaingia na trei. Akaitua mezani, karibu na mlango wa nje wa kichumba. Wilbard alikuwa amempa kisogo, anafuta kitu. Hafidha akaitazama ile trei kama mtu anavyotazama meza ya chakula kabla ya wageni kuketi. Midomo yake ikacheza, ni bismillahi bila shaka. Akachukua kifuniko cha kwanza, akakifunikia kichupa, akakaza. Akachukua cha pili. Akafunika vyote, kimoja kimoja, kwa upole ule ule anaofanyia kila kitu, akafuta na trei, akaiweka kwenye kichumba. Mkono wake ukaenda kwenye kitufe cha pampu.

Sijui nilitokaje mle ndani. Nadhani niliangusha rafu ya miche, kwa sababu baadaye nilikuta udongo kwenye viatu.

"Hafidha, usibonyeze."

Aligeuka, akashika kifua. "Dada Flavia, si umekwenda Xintang?"

"Umefanya nini hapo?"

"Wapi?"

"Hivyo vichupa. Umefanya nini?"

"Nimefunika," akasema, kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevaa viatu. "Wewe una haraka nyingi, kila siku unaniletea viko wazi. Chombo hakiachwi wazi, dada. Kwetu hata maji ya kunawa yanafunikwa. Wanaingia wadudu, kinaingia kisichoonekana. Nilikuwa nakusitiri tu, wasije wakasema Flavia mchafu wa kazi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Vichupa vimefungwa, pampu inanyonya hewa ya nje yake tu, na oksijeni iliyomo ndani imekaa raha mustarehe, inasubiri protini yangu imiminwe. Mara zote mbili mimi mwenyewe nimeitengenezea protini yangu sumu, na mtoto huyu ameifunika vizuri isimwagike.

Nikageuka kwa Wilbard. Tangu siku ya utani ule sikuwa nimemtazama usoni. Alikuwa amesimama na mikono ndani ya glavu, ananitazama.

"Wilbard," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. "Vilikuwa vinakufikia vimefungwa?"

"Mara zote."

"Na hukusema?"

"Mara ya kwanza nilidhani umeshayatoa hewa maji yako huko chini, umefunga isirudi. Watu wengine hufanya hivyo. Baada ya mara ya pili nilivipiga picha, nikamwonyesha Hafidha, nikamwambia akuulize kama kweli yameshatolewa hewa. Jibu likarudi kwamba umesema sawa."

Mimi sikuwahi kuulizwa. Wote wawili tukamtazama Hafidha. Alikuwa ameinamisha kichwa, anazungusha kifuniko kimoja cha ziada kidoleni.

"Swali lile lilikuwa na shari," akasema polepole. "Ungelisikia, dada, ungelipanda huku juu na maneno yako. Na kaka Wilbard angelijibu. Mie nikaona nilifunike. Nikamwambia umesema sawa, na wewe nikakwambia anakusalimia. Sikujua kama vifuniko ni kitu. Hakuna aliyeniambia. Nyinyi mlikuwa hamsemeshani, ningelijua vipi?"

Nilitaka kumkaripia. Ningemkaripia kwa lipi? Kazi ya kumweleza ilikuwa yangu. Na maneno aliyokuwa anayaogopa, nilikuwa nayo kweli, tena tele.

Tukavitoa vichupa. Nikavifungua mwenyewe, nikamwonyesha Hafidha kwa nini, akaitikia kwa kichwa mara nyingi huku machozi yanamlenga. Pampu ikafanya kazi yake. Wilbard akavipokea vikiwa wazi, akavipa muda wa kutosha humo ndani, kisha akaanza. Akatia protini tupu. Akatia kile kimeng'enya kinachonyofoa salfa, akatia chuma tone kwa tone. Mikono yake ndani ya yale maglavu mazito ilikwenda kama ya mama anayemnawisha kichanga. Saa zilipita. Mimi nilikuwa nimeegemea plastiki, nikingoja ipauke kama mtu anavyongoja habari ya msiba. Bado nilikuwa na shaka, nilishazoea kuwa nayo.

Haikupauka. Ilianza njano hafifu, ikakolea, ikawa chai. Ikakaa hivyo hivyo. Hafidha akaninong'oneza, "Ndiyo yenyewe?" Nikamkumbatia tu, nikalia begani kwake mpaka ushungi wake ukalowa. Nilikuwa nimepona. Sirudi nyumbani na cheti cha zamani.

Jioni laoban akaja. Akainama mbele ya boksi, akakitazama kichupa kwa muda mrefu, akasema, "Hao, hao," yaani vizuri, neno ambalo sikumbuki kulisikia kwake tangu nije. Akasema turudie mara mbili nyingine, zikitoka hivi hivi, nianze kuandika. Kisha akanigeukia. "Na lile la kwenye ujumbe wako?"

Katika yote hayo nilikuwa nimeusahau.

"Nilikosea, profesa. Si yeye. Hakuna aliyefanya makusudi."

"Nilifikiri mtu akishtakiwa apate nafasi ya kujibu," akasema, bila ubaya wowote. "Kwa hiyo nilimtumia asubuhi, kama ulivyouandika."

Wilbard alikuwa anachomoa mikono kutoka kwenye glavu, mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa imekunjamana na kulowa, kama ya mtu aliyefua siku nzima.

"Uliusoma?" nikamuuliza.

"Kabla sijaingiza mikono."

"Na bado ukaifanya?"

"Protini haijanikosea kitu."

Akamgeukia laoban, akamwambia kwa Kichina chake kizuri kwamba anaomba ahamishiwe kwa wale wanaotafiti mpunga, ghorofa ya chini, na kwamba alishawauliza, wana nafasi. Laoban akanitazama mimi, akamtazama yeye, akakubali. Hapakuwa na kelele. Wilbard akachukua koti lake na kikombe chake.

Nilimfuata mpaka kwenye lifti. Mimi ambaye sijawahi kukosa neno, nilitembea nyuma yake korido nzima nikitafuta moja. Lifti ilipofunguka, nikamshika mkono wa koti.

"Wilbard, nisamehe. Nilikuvunjia heshima mbele za watu, halafu nikakuandikia uovu ambao hukuufanya. Nisamehe, kaka yangu."

Aliutoa mkono wangu kwenye koti, taratibu, jinsi alivyokuwa anavishika vile vichupa. Akaingia.

"Maneno hayo mpe Hafidha aniletee," akasema. "Yakipitia kwake huwa yanasikilizika."

Mlango ukajifunga. Nilisimama hapo mpaka watu wengine wakaja kuita lifti, wakaniomba nipishe.

Niliporudi, laoban alikuwa bado anakitazama kichupa. Akauliza Jumatatu nani ataingiza mikono. Nikasema mimi. Akasema basi nianze kuzoea sasa hivi, nisije nikaangusha tena. Nikasogeza kiti, nikaingiza mikono kwenye glavu mpaka kwenye mabega. Zilikuwa kubwa kwangu, na ndani zilikuwa bado zimelowa jasho la Wilbard.